Pambizo

Julai. Nairobi imejifunika wingu hadi kidevuni
na haitaki kuamka.
Mezani kwangu madaftari kumi na saba, harufu ya panya na mafuta ya taa.
Kazi yangu, kwa mkataba wa miezi mitatu,
ni kuyahamishia kwenye kompyuta:
tarehe, milimita, nyuzi.

Mwandiko ni wa Bwana Lusweti.
Tarakimu zimesimama kama watoto wa gwaride.
Miaka ishirini na sita, kila siku saa tatu kamili,
alivuka uwanja wa shule yetu kule Waithaka,
buti za mpira, kalamu sikioni,
akafungua kile kisanduku cheupe chenye miguu minne
ambamo sisi tuliamini kafungia jini.

Nchi nyingine zina baridi ya kuhadithiwa.
Nimesikia treni zilizozikwa na theluji,
mito iliyoganda watu wakaivuka na mikokoteni yao.
Kipupwe chetu hakina jeshi.
Huingia kwa adabu, chini ya mlango,
kikakaa kwenye magoti ya bibi,
kikaziacha sare kambani siku nne, mbichi.
Hakiui kwa kishindo. Huua kwa jiko la makaa
na dirisha lililofungwa.

Lakini Lusweti alikiandika kama waandikwavyo wafalme:
“Julai 19. Nyuzi nne na nukta mbili.
Umande umeganda juu ya sukuma wiki ya mlinzi.
Nimeugusa. Umealika.”

Na mahali pengine:
“Mvua ya mawe, dakika kumi na moja.
Mengi kama maharagwe, machache kama macho ya mbuzi.
Mabati yamepiga kelele, hesabu zimeahirishwa.
Watoto wanayala. Mpishi asema yana chumvi.
Nimeonja. Hayana.”

Nilikuwa mmoja wao. Meno yangu yanakumbuka.

Kisha mwaka ule wa mahindi ya manjano.
Sifuri.
Sifuri Machi nzima. Aprili, sifuri yenye kitone pembeni:
“chembe, hazikupimika.”
Ng’ombe walikuja mjini kula nyasi za kando ya lami.
Lusweti aliacha kupiga mluzi.
Aliuinua mrija kwenye mwanga, akautikisa,
kama mtu atafutaye sarafu katika mfuko uliotoboka.

Mei, tarehe nane, naijua.
Nilitoka kabla ya jogoo na kikombe cha bati,
maji aliyoyatenga mama kwa vyombo.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikamimina yote chomboni mwake,
nikajificha nyuma ya choo cha wavulana
ili nimwone mtu mzima akifurahi.

Alifungua. Akainama.
Akatazama juu: mbingu imekauka kama ngozi ya ngoma.
Akatazama chini: vumbi, na humo vumbini
nyayo ndogo, zinakuja, zinarudi.
Akaichomoa kalamu sikioni
akaandika kwa muda mrefu kuliko tarakimu inavyohitaji.
Aliondoka akipiga mluzi.

Miaka arobaini nimeamini nilimdanganya.
Kila redio iliposema haijapata kunyesha hivi,
haijapata kukauka hivi,
tumbo langu lilikazana:
ndani ya hesabu ya nchi mna kikombe changu.

Leo, baada ya chai, nimeufikia ukurasa.

“Mei 8. Mvua: sifuri.”
Na chini, pambizoni:
“Chomboni milimita kumi na nane.
Si za mbinguni. Za mtoto.
Zisijumlishwe.
Zisifutwe.”

Nimeandika sifuri. Mashine imekubali, imeomba tarehe tisa.
Mashine haina pambizo.

Nje manyunyu yameanza, yale yasiyolowesha wala kuacha.
Nimetafuta penseli ofisi nzima,
nimeipata kwa mlinzi wa lango, imetafunwa nyuma.
Chini ya mwandiko wake, kwa herufi ndogo:

“Zimeonwa. Julai, saa tano na robo. Baridi.
Wangeci, aliyekuwa darasa la tatu.”