Seli Tupu

Alhamisi usiku, Oruro. Hita moja kwa darasa zima,
wanafunzi wangu wamekuja na mablanketi.
Nimewaambia: safu ya A, anzeni na hasi tano,
pandeni nusu kwa nusu hadi tano.
Safu ya B, alama ya sawasawa,
moja gawanya kwa jirani wa kushoto.
Kisha shika pembe ya seli, buruta chini.

Casiano Choque huburuta kama anavuta toroli la mawe,
mikono miwili, ulimi nje.
Miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi akichimba stani,
na kipanya kinamponyoka kama sabuni.
Namba zikamwagika. Akacheka.
Kwenye sifuri lahajedwali likagoma: kosa.
"Nimeharibu?"
"Hujaharibu. Mkate upo, wa kugawiwa hawapo."

Tukachora grafu.
Mstari ukatoka kushoto, umelalia mhimili,
ukainama, ukainama tena, ukazama,
halafu, pale penye kosa, ukapanda karibu wima
ukaibukia juu, upande wa pili, kana kwamba si kitu.

Darasa likanakili. Casiano hakunakili.
Aliweka kidole kwenye kioo, kidole kisicho na ukucha.
"Mwalimu Nélida, hapa pana uongo.
Huyu kashuka. Nani kampa ngazi?"

Nikaeleza: programu huunga nukta na nukta,
kilichomo katikati haikijui, wala haiulizi.
Akapunguza hatua mwenyewe: sehemu ya kumi, sehemu ya mia.
Hasi kumi. Hasi mia. Shimo likazidi kina
na ile ngazi ikarefuka nalo.

"Futa kosa," nikasema. "Usiandike sifuri.
Usiandike chochote."
Akafuta.
Mstari ukakatika,
vipande viwili, na weupe kati yao.

Aliutazama ule weupe mpaka hita ikajizima.
Kisha akasema, si kwangu hasa,
jinsi daftari la zamu lilivyokuwa:
jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Siku moja ya Machi, mbele ya jina la Fermín,
msimamizi alitaka kuandika saa kumi na moja, kama wengine,
hesabu ikae sawa.
"Nilimshika mkono. Nikamwambia, paache wazi."

Akahifadhi faili.
Akakunja blanketi, akauliza kazi ya nyumbani ni ipi,
na kama eksi kipeo cha pili nayo huanguka.
Nikamwambia aichore, aone.