Pembe za Shekue

Shekue, kinyozi wa Bradford, alitaka herufi nene,
nene kama boflo.
"Mtu akiwa ng'ambo, ndani ya basi, mvua yapiga kioo,
asome bila kukunja uso."

Nikamchongea TARATIBU,
kila herufi kipande cha mraba,
zimebanana bega kwa bega.
Tundu la A hupitishi kidole.
B ina macho mawili ya kifungo.

Akazizunguka. Akagusa ncha ya T.
"Hii itakata mtu.
Mimi nashika wembe kutwa nzima;
anayeniachia koo lake
asikutane na makali mlangoni."

Basi, msasa. Siku mbili,
vumbi la mbao limenikaa kwenye nyusi,
hata pembe zikalegea,
zikawa sabuni iliyokwisha kupita
mikononi mwa nyumba nzima.

Januari theluji ililala juu ya vibao vyote vya mtaa.
Kwenye T ilijikusanya, ikajivuta,
ikafika penye pembe
ikakosa pa kushika:
pwa! kolani mwa mteja wa kwanza,
aliyeingia akicheka, shingo imelowa,
akauliza kama hiyo nayo
atalipishwa.