Mistari Miwili

Kipimo nilikinunua mwenyewe,
duka la dawa karibu na daraja, hapa Kutaisi.
Muuzaji akaiuliza fimbo yangu nyeupe:
"Cha nani?"
Nikasema: cha huyu aliyesimama mbele yako.
Akacheka, cheko la mtu aliyekanyaga mkia wa paka.

Nyumbani nilifuata kila hatua.
Kikombe. Matone. Dakika tatu
nikizihesabu kwa saa ya ukutani, inayogonga kama inadai kodi.
Kisha nikapitisha kidole juu ya kidirisha,
mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa ukucha.
Plastiki laini. Haikusema neno.
Mimi ninayesoma vitabu vizima kwa ncha za vidole
nikawa mbumbumbu mbele ya mistari.

Siri ya mtungi, wasema, aijuaye kata.
Yangu aliijua kwanza Lamara wa ghorofa ya tatu,
mikono ikinuka vitunguu na unga wa mahindi.
Alinyamaza. Nilimsikia akinyamaza:
friji ikaunguruma, mtoto wa mtu akadundisha mpira ngazini,
naye bado anaangalia.
"Tsiala," akasema mwishowe, "pole."

Pole!
Ndivyo nilivyokabidhiwa habari ya mwili wangu,
imeshavishwa sanda kabla sijaipakata.

Kufika Ijumaa, jengo zima lilikuwa na mimba yangu.
Kliniki, daktari alizungumza na Lamara:
"Baba anamjua? Mtoto atamleaje?
Tukiitoa, tunaweza kumfunga kizazi hapo hapo,
asisumbuke tena."
Ana, ata, asi,
kana kwamba mimi ni koti
lililoning'inizwa mlangoni.

Nikagonga meza kwa fimbo.
Si kwa hasira. Haya, kwa hasira kidogo.
"Baba ni Vazha, fundi wa piano.
Na hiyo karatasi unayonisukumia
isome kwa sauti, mpaka nukta."

Akaisoma. Katikati sauti ikamkauka.
Dole gumba langu nikalirudisha mfukoni.

Sasa ni mwezi wa sita.
Usiku hugonga kutoka ndani, huku, kisha huku,
nami naweka vidole vyote kumi juu ya ngozi
na kusoma.

Lamara huuliza asubuhi: kuna jipya?
Lipo, namwambia,
na simwambii.