Pingili ya Kumi na Moja

Lala kifudifudi, Mama Aikande. Uso kushoto.
Mikono juu, kana kwamba unapokea mzigo.
Anacheka ndani ya mto: "Mizigo ndiyo iliyonileta."

Miaka thelathini ya majani ya ng'ombe
kutoka tambarare hadi Kibosho, kichwani,
na mgongo chini yake ukihesabu kimyakimya.
Sasa pingili ya kumi na moja imelika upande,
kama hindi lililoguguniwa ghalani,
na picha haisemi ni nani aliyekula.

Napaka iodini.
"Ganzi itauma kama siafu, halafu basi."
"Siafu nawajua."

Nyuma ya kioo, Kilewo anabonyeza.
Meza inaingia kwenye pete, inatoka.
Sindano ni mstari mweupe uliokosea njia kidogo.
Narekebisha. Inaingia, inatoka.
Kushoto mshipa mkuu, mnene kama kidole gumba, unadunda.
Katikati, mfereji wa uti.
Utotoni nililinda zamu yetu ya mfongo usiku,
nikiwa na kurunzi na fimbo:
jiwe moja likihamishwa, shamba zima la chini linakauka.
Mkono wangu haujasahau lile jiwe.
Milimita mbili.
Moja.

"Shika pumzi."
Mfupa mzima hukataa, hugonga kama mlango wa mninga.
Huu unanikubali upesi mno,
laini kama ndizi iliyopitiliza siku yake,
na kitu kifuani mwangu kinashuka ngazi.
"Pumua, mama. Pumua."

Kilichotoka ni uzi mwekundu,
urefu wa punje mbili za mchele.
Nusu kwenye formalini, nusu kwenye maji ya chumvi.
Naandika jina, naandika saa,
kisha nafanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha:
naomba kifua kikuu.
Naomba vidonge mwaka mzima, mkojo wa rangi ya chungwa,
mkanda wa mgongo wakati wa joto la Februari.
Naomba ugonjwa wenye mlango wa kutokea.

Anageuka taratibu, anapapasa kitenge chake.
"Umeona nini, daktari?"
Nimeona njia, mama. Inakokwenda, bado.
"Siku kumi," namwambia.

Anakaza fundo. Anauliza kama jioni hii
anaweza kukata majani, hata mzigo mdogo tu,
maana ng'ombe hana habari za sindano.