Kanuni Bafuni

Sohari, kwa fukuto, ngozi ya kanuni ililegea.
Hapa Nizwa imekaza kama uso wa mdai.
Nimefungulia maji ya moto,
nimeketi kwenye kifuniko cha choo, kanuni pajani,
nyuzi sabini na mbili, mojamoja, kwa ufunguo,
mvuke umenitanda miwani.

Mundhiri dereva anagonga:
“Bwana harusi keshafika, wewe ungali unaoga?”

Simu. Sabiha, toka Kikwajuni:
“Baba, leo uko mji gani?”
Nasoma karatasi ya sabuni,
namjibu.

Jana pale Ibra, kituo cha mafuta,
karaki ilinimwagikia kidole cha shahada.
Hakitaki pete ya kupigia.
Nitaipiga polepole.
Watasema: lo,
madaha!