Elfu Mbili Thelathini na Mbili

Kaka yangu kapiga simu kutoka Sapporo:
"Sanae, usimtilie betri. Mwambie imekufa rimoti nzima,
mwambie kiwanda kimeacha kuzitengeneza.
Mzee wa miaka themanini na minne, na barafu hii! Utamlilia nani?"

Basi nimeketi mezani kwa baba, Asahikawa,
jiko la mafuta ya taa linakoroma,
nje digrii kumi na saba chini ya sifuri,
na mkononi nina rimoti ya gari,
nyeusi, imelika pembeni
kwa miaka kumi na mmoja ya kidole gumba kilekile.

Baba kasimama nyuma yangu. Hakai.
"Kwanza uvute ule ufunguo wa chuma," anasema,
kana kwamba bado niko darasa la pili.
Nikasukuma kilimi, ukachomoka ufunguo mwembamba
uliolala humo siku zote bila kazi,
kama neno ambalo watu wa nyumba moja
hulijua wote na hawalitamki.

Sarafu ya yeni kumi niliifunga kitambaa, isije ikachubua,
nikaitia kwenye ufa, nikapinda. Tak.
Ganda likaachana kama la karanga.
Ndani: vumbi, unywele mmoja mweupe,
na betri, bapa, ndogo kuliko kifungo cha koti.
Baba akainama, miwani puani.
"Elfu mbili thelathini na mbili," akasoma. "Ndio mwaka wa kufa kwake?"
"Si mwaka, baba. Ni namba ya saizi."
"Aa. Nami nikadhani imeondoka kabla ya siku zake."

Akaenda kuchemsha maji ya chai.
Na hapo, naona haya kusema, nilifanya nililotumwa:
mpya nikaitia mfukoni mwa sweta, pamoja na chenji,
ya zamani nikairudisha kitandani mwake,
alama ya kujumlisha juu,
kwa uangalifu wote wa mtu anayesema uongo kwa mikono.
Nikabana. Tak.

Bonyeza. Kimya. Kitaa chekundu hakikufumba wala kufumbua.
"Si betri, baba. Nadhani ni mashine yenyewe."
Hakujibu. Aliitazama, akanitazama,
kisha akaitia kwapani, chini ya fulana ya sufu,
akaketi, hatimaye akaketi, akamimina chai.

Miaka thelathini na minane alifanya kazi reli ya kaskazini,
akitembea usiku kwenye vivuko vilivyofukiwa na theluji.
"Tochi zikigoma tulizitia kwapani," akasema.
"Betri haifi upesi. Hushikwa na baridi tu.
Ipe joto kidogo, itawaka mara moja, pengine mbili.
Yatosha kusimamisha treni."

Tukanywa chai. Dakika kumi, kumi na mbili.
Akaitoa, akaielekeza dirishani, akabonyeza:
uani, chini ya kichuguu cha theluji,
taa za manjano zikapepesa,
kama mtu aliyeamshwa anayeuliza: nani?

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.
"Ile mpya," baba akasema, "imo mfukoni mwako.
Naisikia ikigombana na sarafu tangu nilipotoka jikoni.
Ishike ukingoni. Usiipake mafuta ya kidole."

Nikabadilisha. Ile ya zamani akaifunga kwa utepe wa gundi,
akaiandikia tarehe, akaitia koponi kwa wafu wenzake.
Akavaa buti, akachukua ufagio,
akalifukua gari, akianzia upande wa abiria.

Kaka anapiga tena; simu inatetemeka mezani.
Naiacha itetemeke.
Baba yuko kulia, nyuma ya usukani, injini inaguna.
Ananyoosha mkono, ananifungulia mlango wa kushoto.
"Hadi posta na kurudi," anasema. "Utazame.
Kisha useme wewe, si yeye."

Naingia. Nafunga mkanda.
Kioo kimejaa ukungu; tunangoja sote wawili,
hadi kitundu kidogo cha barabara
kianze kuonekana.