Bado

Mimi ndiye niliyebonyeza.
Si meneja Tsuma, aliyejigamba baadaye kwamba ana sikio,
si yule kijana wa kampuni ya simu na michoro yake ya rangi.
Mimi, fundi wa zamu ya usiku,
ghorofa ya tatu, Makupa,
shati nimelitundika kitasani kwa joto.

Saa nane na dakika kumi kompyuta ikaganda.
Wimbo uliokuwa mdomoni mwake ukabaki mdomoni:
ukaisha, ukaanza, ukaisha, ukaanza,
mara arubaini na ushei hadi adhana ya alfajiri,
nami nimelala, shavu juu ya mitambo
kama mtoto wa chuoni juu ya juzuu.

Hakuna aliyepiga simu kulalamika.
Hilo lilinishtua kuliko kufutwa kazi.

Wimbo wenyewe? Wa kawaida, wallahi.
Mwanatumu Shebwana wa Magongo,
amerekodi chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani,
ngoma za kuazima, mpenzi wa kulaumiwa, mwezi wa kutajwa.
Za aina hiyo tunazo kopo zima la maziwa ya unga,
limejaa flashi hadi kifuniko hakifungi.
Ila dakika ya pili, katikati ya kibwagizo,
mamake jikoni amuuliza, "Ushamaliza?"
Naye, bila kuvua hedifoni: "Bado!"
Basi. Neno moja, nje ya mdundo, nusu limemezwa.
Shekue, binamu yake mrekodi, alitaka kulikata.
Stima ikawahi kukatika.

Sasa kumbukeni wiki ile.
Mifereji siku ya tisa yakohoa hewa.
Dumu la maji mkokotenini limepanda hadi hamsini.
Feri moja imelala mbovu, na Likoni
watu wamejaa mpaka juu mteremkoni.
Mishahara ya vibarua wa bandari, kesho. Kesho yake, kesho.
Mji mzima ulikuwa ukiulizana swali lile lile
na kujibizana kwa kununiana.

Asubuhi mtangazaji, kwa uvivu tu, akauacha mara moja zaidi.
Na huko Majengo, Bi Mishi wa kusuka nywele
ameulizwa na mteja kama maji yametoka.
Kabla hajafungua kinywa, redio ikamjibia:
Bado!
Wakacheka hadi kitana kikaanguka kwenye makaa.

Nadhani ni hapo. Sina ushahidi.
Jioni, kivukoni, mtu mmoja aliuliza, "Yaja?"
na umma ule ukamjibu kwa sauti ya Mwanatumu,
pamoja na lile pumzi lililokatika mwishoni.
Mwezi haujaandama, harusini Tudor, bwana harusi kachelewa,
na hata kadhi akatabasamu.

Tsuma asema ni mdundo.
Kijana wa michoro asema ni rika.
Shekue aapa ni godoro, la sufi, si la sponji.
Mwenyewe alipokuja studio nikamuuliza.
"Kaka, mie nlikuwa naambiwa nikaanue nguo."

Wa pili wakaurekodia Nairobi.
"Bado" kumi na moja, zimepangwa kama vigae, na vinanda nyuma.
Mama naye akasafirishwa, akavishwa leso mpya,
akasimamishwa mbele ya maikrofoni
aulize "Ushamaliza?" kwa ulaini.
Niliupiga saa zote nzuri, kwa agizo la Tsuma.
Maji yalikuwa yamesharudi.

Siku hizi, saa nane ikipita kidogo,
natia mkono koponi nimefumba macho.
Nasikilizia makosa: kiti, kikohozi, kunguru.
Usiku huu nimempata mmoja wa Mikindani,
sauti ya wastani, maneno ya wastani,
ila nyuma yake, mbali, mtu yuwafagia,
taratibu, kama aliyepoteza pete.

Nimeuacha uzunguke.
Simu i hapa mbele yangu.
Haijalia.